Anayeuza tabo ya gari la zamani amwandikie mnunuzi ukweli wote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie biashara ambayo hapa Arusha naiona ikikua, na ambayo kwa namna inavyoendeshwa sasa inawatia hasara wamiliki wengi wa magari, nayo ni uuzaji wa seti za tabo za kufungwa kwenye magari ya zamani ambayo yalitoka kiwandani bila tabo, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kushindilia hewa zaidi kwenye silinda. Sitaki biashara hii ipigwe marufuku. Mimi ni fundi wa injini za dizeli, nimezifunga seti hizi na nitaendelea kuzifunga, na ninajua gari linavyobadilika likifungwa vizuri. Ninachodai ni kwamba anayeuza seti ya namna hiyo, awe mwenye duka au mtu binafsi anayeuza iliyotumika, amwandikie mnunuzi ukweli wote: seti ilifungwa kwenye injini gani, ilifunguliwa kwa sababu gani, imepungukiwa na vifaa gani, na injini itakayoipokea inatakiwa iwe katika hali gani.

Gari ninalolikusudia hasa ni Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, kwa sababu ndilo linalobeba sehemu kubwa ya utalii wa kaskazini, na ndilo ambalo wauzaji wa seti hizi hulilenga zaidi. Injini hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Ina silinda 6, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na sifa yake kubwa ni uvumilivu, maana hutumika miaka mingi katika njia mbovu, mikononi mwa madereva tofauti, na bado ikaamka asubuhi kwa kuwashwa mara moja. Mwaka huohuo Toyota ilileta pia injini ya 1HD-T, yenye ujazo uleule lakini ikiwa na tabo tangu kiwandani. Undugu huo ndio wauzaji wanaoutumia kumshawishi mteja. Humwambia kwamba injini yake ni ileile, imekosa tabo tu, na kwamba wao wanamletea kilichokosekana.

Maelezo hayo si ya kweli, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Katika 1HZ dizeli huanza kuwaka ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye hedi, kisha moto ndipo unapoingia kwenye silinda, na uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho pistoni huibana hewa, ni 22.4 kwa 1. Katika 1HD-T dizeli hupuliziwa moja kwa moja juu ya pistoni, na uwiano ni 18.6 kwa 1, kwa kuwa waliobuni injini hiyo walijua kwamba tabo ingeleta hewa iliyokwisha kushindiliwa na kwa hiyo injini haikuhitaji kuibana tena kwa nguvu ileile. Ukiichukua 1HZ, ambayo peke yake inaibana hewa zaidi ya mara 22, ukaiongezea hewa ya tabo na dizeli ya kuambatana nayo, presha na joto vinapanda juu ya kiasi alichokipigia hesabu mbunifu. Sehemu kubwa ya joto hilo inabaki kwenye hedi, karibu na vile vyumba vidogo na katikati ya valvu, mahali ambapo chuma ni chembamba na maji ya kupoza hupita kwa shida. Injini inaweza kulimudi ongezeko hilo, lakini kwa kiasi tu. Karakana za Australia, ambako seti za injini hii zimeuzwa kwa miaka mingi, kwa kawaida huweka presha ya tabo kati ya pauni 7 na 10 kwa inchi ya mraba. Seti niliyoletewa hivi karibuni niipime ilikuwa na westigeti, yaani ule mlango mdogo unaopitisha moshi pembeni presha ikitosha, ambayo ilikuwa imefungwa kwa waya isifunguke kabisa, na muuzaji aliutaja waya huo kwa mteja kuwa ni maboresho.

Naomba nieleze pia kwa nini watu wa huku wanazitaka seti hizi, kwa sababu wako mafundi wenzangu wanaozikataa moja kwa moja na mimi sikubaliani nao. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa nguvu yake yenyewe, na kadiri unavyopanda mlima hewa inazidi kuwa nyepesi. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa imebaki kama robo tatu tu ya ile ya Dar es Salaam au Tanga. Gari lenye abiria saba, mizigo, friji na tairi mbili za akiba linapoukabili ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, na baadaye kupanda kutoka Karatu hadi ukingoni, linatoa moshi mweusi kwa sababu pampu inapeleka dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo. Tabo inatibu ugonjwa huo barabara. Mswisi Alfred Büchi aliiombea hataza mwaka 1905, na mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege yenye tabo hadi juu ya mlima Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,000, kuthibitisha kwamba injini inaweza kurudishiwa nguvu inazopoteza mwinuko unapoongezeka. Basi mtu wa Karatu anayetaka tabo hatafuti mbwembwe za barabarani, bali anataka gari lake lipande mlima kama linavyotembea pwani.

Kwa mtu huyo ushauri wangu huwa mmoja, nao ndio ambao wauzaji hawautoi: funga tabo yenye presha ndogo na uiache skrubu ya dizeli kwenye pampu, ile inayopanga kiasi cha dizeli kinachopelekwa, mahali pale ilipowekwa na kiwanda. Dizeli ileile ambayo mlimani ilikuwa ikitoka kama moshi itapata hewa ya kuwakia, moshi utapungua, na nguvu zitarudi bila injini kupewa mzigo mpya wa kutisha. Tatizo ni kwamba nguvu za namna hiyo hazimsisimui mteja anayejaribu gari kwenye barabara tambarare ya Moshi, na muuzaji anataka mteja asisimke siku ileile anapolipa. Kwa hiyo skrubu inazungushwa.

Matokeo ya skrubu kuzungushwa tumeyaona kwenye gereji yetu. Mteja wetu mmoja, mwenye gari la utalii, alinunua seti iliyotumika kwa mtu aliyemhakikishia kwamba ni ya kufunga na kuondoka, akafungiwa kwingine. Gari lilikwenda vizuri sana kwa muda, kila dereva akilisifu, kisha likaletwa kwetu likivutwa kwa kamba. Tulipovua hedi tulikuta mipasuko kati ya valvu katika silinda mbili, na pistoni moja ilikuwa imelika ukingoni kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye maji. Kwenye pampu, kile kizuizi kinachowekwa kiwandani ili skrubu isichezewe kilikuwa kimekatwa kwa grainda, na makovu ya grainda yalikuwa bado yanang'aa. Mteja alimpigia simu muuzaji, naye akajibu kwamba yeye aliuza tabo, hakuuza hedi. Hapakuwa na karatasi yoyote, hapakuwa na risiti yenye maelezo, na mambo yaliishia hapo. Mwenye gari alikosa kazi katikati ya msimu, wageni wake wakapelekwa na magari ya kukodi, na hedi mpya pamoja na pistoni vikamgharimu zaidi ya ile seti yenyewe.

Kifaa ambacho kingeliokoa gari hilo ni kidogo kiasi cha kuenea kiganjani. Ni geji ya joto la moshi, ambayo kihisio chake huchomekwa kwenye menifodi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, kabla moshi haujaingia kwenye tabo. Mafundi wengi wanaoitumia kwenye dizeli za namna hii huweka ukomo karibu na nyuzi 700 za selsiasi, na humfundisha dereva kupunguza mwendo au kushusha gia mshale unapoukaribia ukomo huo mlimani. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, na pistoni imetengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Inaendelea kuishi kwa sababu tu inapozwa na oili na kuta za silinda, na kupozwa huko kuna kikomo. Geji ya maji iliyomo kwenye dashibodi haimsaidii dereva katika jambo hili, kwani pistoni inaweza kuharibika huku mshale wa maji umetulia katikati. Mimi nasema wazi kwamba seti ya tabo ya injini ya zamani isiyo na geji hiyo haijakamilika, na kuiuza kama seti kamili ni kumdanganya mnunuzi.

Jambo la pili lisiloelezwa ni oili. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika unapofanya kazi kwa nguvu, na kinachouzuia usisuguane na chuma kinachouzunguka ni utando mwembamba wa oili inayoletwa na bomba jembamba kutoka kwenye injini. Oili hiyo ikishapita inatakiwa kurudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo bomba la kurudishia lazima liwe pana na literemke bila kupinda kama shingo. Nimeona seti zinazouzwa na bomba la kurudishia lililotengenezwa kwa mpira wa maji ya rejeta, mpira ambao oili ya moto huuvimbisha hadi njia inaziba, kisha oili inatafuta pa kupita na kuvuja ndani ya tabo yenyewe. Gari linaanza kutoa moshi wa bluu, mwenye gari anaambiwa ringi zimekufa, na injini nzima inafunguliwa kwa kosa la kipande cha mpira.

Dereva naye lazima afundishwe, na mafunzo hayo yanatakiwa yaandamane na seti. Gari linalopanda kutoka lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, hadi kwenye kituo cha kutazamia kreta linafika pale tabo ikiwa imeiva. Wageni wana hamu ya kupiga picha, na dereva, kwa adabu na mazoea, huzima injini mara tu anaposimama ili kelele isiwakere. Kwa 1HZ ya kawaida hilo halina madhara. Kwa iliyofungwa tabo, oili husimama ghafla ndani ya kifaa cha moto, huungua na kuacha masizi magumu, na siku baada ya siku njia ya oili hujifunga. Dakika mbili au tatu za kuiacha injini ikinguruma taratibu zinatosha kuzuia hayo. Vilevile oili ibadilishwe mapema kuliko ilivyozoeleka, kwa maana sasa inabeba joto na masizi zaidi.

Kisha kuna vumbi. Kutoka Ngorongoro kushuka kuelekea Olduvai na Naabi hakuna anayehitaji kuelezwa habari za vumbi. Mpira unaounganisha kichujio cha hewa na tabo ukiwa na ufa mdogo tu, au klempu yake ikilegea, tabo itavuta mchanga na kuzisaga bapa za feni yake, na mchanga uleule utaendelea hadi kwenye silinda. Ndiyo maana anayenunua tabo iliyotumika asitazame rangi ya nje. Atoe mpira wa hewa, amulike ndani kwa tochi, atazame kama ncha za bapa ni kali na nzima au zimeviringika, na kama kuna mikwaruzo ya duara kwenye ukuta wa ndani. Akishike kichwa cha mhimili kwa vidole viwili. Kuchezacheza kidogo upande hadi upande kunaweza kuwa kwa kawaida kifaa kikiwa hakina oili, lakini mhimili ukisogea mbele na nyuma ukasikia unagota, au bapa zikigusa ukuta, aiache. Na kabla ya kulipa chochote apime mgandamizo wa silinda zote sita za injini yake mwenyewe, kwa sababu injini iliyochoka ikifungwa tabo itamalizika mapema.

Zipo pia tabo mpya za kuiga, zenye nembo za watengenezaji wanaojulikana zilizobandikwa juu ya kazi ambayo watengenezaji hao hawakuifanya. Tume ya Ushindani ina mamlaka juu ya bidhaa bandia, na Shirika la Viwango Tanzania linahusika na ubora, kwa hiyo mwenye ushahidi apeleke huko badala ya kunung'unika kwenye gereji.

Vijana wenye magari madogo ya petroli wanaotaka mambo haya kwa ajili ya mwendo, nawaambia kwa ufupi kwamba kwao hatari iko karibu zaidi. Injini ya petroli iliyotengenezwa bila tabo kwa uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1 huanza kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda kwa wakati usiofaa, pale hewa ya ziada inapoingia bila petroli na majira ya cheche kurekebishwa, na pistoni inaweza kuvunjika katika safari moja.

Nirudi kwenye maandishi. Wauzaji wengine hunijibu kwamba kifaa kilichotumika huuzwa kama kilivyo, na kwamba mnunuzi ana macho. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haiko hivyo kabisa. Mfanyabiashara ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina fulani, akielezwa na mnunuzi kwamba anataka bidhaa kwa matumizi fulani na mnunuzi akategemea ujuzi wake, anabeba wajibu kwamba bidhaa hiyo itafaa kwa matumizi hayo. Mtu binafsi anayeuza seti aliyoivua kwenye gari lake habebi wajibu huo kwa namna ileile, lakini akiuza kwa maelezo, bidhaa inatakiwa ilingane na maelezo. Kwa hiyo maelezo yakikosekana, mnunuzi hana kitu cha kukilinganisha na bidhaa, na hiyo ndiyo sababu wauzaji wasio waaminifu hupenda kuzungumza sana kwenye simu na kuandika kidogo. Mnunuzi aandike yeye mwenyewe kama muuzaji hataki: gari langu ni aina fulani, injini ni 1HZ, nataka seti hii kwa safari za milimani, na muuzaji ameniambia kwamba imekamilika. Watie saini wote wawili. Na akishafunga, aitaarifu kampuni yake ya bima kwa maandishi, kwa kuwa mkataba wa bima hutaka mteja aseme ukweli wote kuhusu gari, na mabadiliko ya injini yaliyofichwa yanaweza kumponza siku ya kudai.

Najua pia kwamba wapo wauzaji waadilifu, na hao ndio wanaoumizwa zaidi na hali hii. Mtu aliyeivua seti nzuri kwenye Land Cruiser yake kwa sababu amebadilisha gari, mwenye menifodi isiyo na ufa, mabomba yote ya oili, gasketi, geji na karatasi za mtengenezaji, analazimika kushindana kwa bei na mtu aliyeokota tabo kwenye injini iliyokufa na kuitafutia vipande. Kwa tangazo la maneno mawili, "tabo inauzwa", mnunuzi hawezi kuwatofautisha, hivyo anakwenda kwa mwenye bei ndogo. Maelezo kamili yangempa mwenye seti nzuri bei anayostahili, na yule mwingine yangemlazimisha aseme kwamba anauza kifaa cha kukarabatiwa, jambo ambalo si kosa mradi limesemwa.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, ambalo hupokea matangazo madogo ya spea, liwatake wanaotangaza seti za tabo waandike mambo machache katika tangazo lenyewe: aina ya injini ambayo seti ilifungwa, sababu ya kuivua, presha iliyowekewa, kama geji ya joto la moshi imo, na vifaa gani havimo. Ni mistari mitatu au minne ya ziada. Wenye gereji nao wakatae kufunga seti ambayo mteja hawezi kuonyesha maandishi yake, na wasiiguse skrubu ya pampu kabla geji haijafungwa na kujaribiwa mlimani gari likiwa na mzigo. Sisi hapa tumekwisha kuanza kufanya hivyo, na wateja walioudhika mwanzoni wameendelea kuja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa injini za dizeli,
Unga Limited, Arusha